Picha Iliyomuua Mama

Shinyanga Mjini,
16 Machi 1952

Kwa kaka Pantaleo Masele, Mgodini Geita.

Kaka, shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Serafina na watoto. Sisi hatujambo. Mume wangu Mfaume anakusalimu. Ukiipokea salamu yake nitamfikishia, usipoipokea sitamwambia. Binti yetu Tausi ameng'oka meno ya mbele na anacheka huku ameziba mdomo. Nyumbani Usanda mvua imeanza vibaya, mtama umenyauka ukiwa mdogo. Jicho la mama la kushoto limeingia ukungu, lakini bado anapalilia mwenyewe, na ukimwambia akae anakurushia maneno.

Kaka, tangu baba afe hatujaandikiana, na ni miaka sita sasa. Nisingeandika hata leo, ila limetokea jambo linaloninyima raha.

Kuna Wazungu wawili wamefika hapa mjini kutengeneza sinema. Wana karani wao, Mhaya mmoja aitwaye Eustace, msemaji sana, viatu vyake vinang'aa hata kwenye vumbi hili. Aliniona nikishona kwenye baraza la duka letu, akaniletea kitambaa cha sufu kizito kama blanketi, akataka makoti mawili, moja la kiume na moja la kike. Nikamwuliza, "Bwana Eustace, hapa Shinyanga nani atavaa hili asife?" Akacheka. Akasema, "Mama Tausi, haya ni ya Ulaya. Katika picha yetu kuna kaka na dada. Wamegombana, hawasemezani, na wote wawili wanapanda meli moja kwenda Ulaya."

Nikamwuliza waligombania nini. Akanieleza huku akinywa chai yangu. Dada aliolewa na mfanyabiashara Mwislamu, akasilimu. Baba yao akafa. Dada akaja matangani na ushungi kichwani, kaka akasimama mlangoni, akamwambia, "Dada yangu nimeshamzika. Wewe mgeni umetoka wapi?" Akafunga mlango. Dada akaacha kibuyu cha maziwa kizingitini, akarudi alikotoka kwa miguu.

Nikaweka mkasi chini, kaka. Hayo ndiyo maneno yako, neno kwa neno. Waombolezaji wote walikuwa nyuma ya nyumba motoni. Mlangoni tulikuwa mimi na wewe.

Na katika picha hiyo, kaka ndiye mtu mwema na dada ndiye mpotevu. Mwisho wake dada anatupa ushungi na kumwangukia kaka miguuni. Nakuuliza bila kuzunguka: uliwasimulia wewe?

Mimi dada yako,
Mwamvua


Geita,
4 Mei 1952

Kwa Melania,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Barua yako ilifika misheni muda mrefu, nami nilichelewa kuichukua. Bahasha ilikuwa imefunguliwa ikagandishwa tena kwa uji. Sijui ni huko au ni huku. Basi andika ukijua kwamba si mimi peke yangu ninayesoma.

Serafina anaendelea vizuri, alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa pili. Kazi ya stoo ni ile ile. Jumapili naongoza ibada kambini padri asipofika. Kambi imejaa watu wa kila aina: Wanyamwezi, Waha, Wazinza, Wahaya, Wamanyema, hata watu wa Nyasa. Kila mmoja na sala yake, na wengine bila sala.

Nasikitika kwa habari ya jicho la mama. Mwambie asifuate miti shamba, aende kwa masista.

Sasa hilo lako. Mimi sikumwambia mtu. Ningewezaje kwenda kujitangaza kwa Wazungu? Lakini nimesoma barua yako mara nyingi, na kuna jambo umejifunga nalo mwenyewe. Umetaja kibuyu cha maziwa. Mimi sikukijua kibuyu hicho hata siku moja. Nilifunga mlango sikutazama nje, na kulipokucha nilifungua nisikute kitu kizingitini. Kumbe uliacha kibuyu. Aliyejua hilo ni yule aliyekuwa nje, na aliyekuwa nje ni wewe.

Tena ni wewe unayewapima mabega na kuwapa chai. Mtu akikaa na sindano mchana kutwa, mdomo wake hufanya nini? Nadhani ulitaka watu wakuonee huruma, na wao wameigeuza hadithi ikakurukia. Sasa unanitafuta mimi nibebe.

Niambie jambo moja tu. Huyo kaka wa kwenye picha ni mtu wa kabila gani, na anafananaje?

Wako,
P. Masele


Shinyanga,
12 Juni 1952

Kaka, shikamoo.

Hongera kwa mtoto. Hukuniambia jina lake, na mimi bado unaniita Melania, jina langu la ubatizo. Tumepata mahindi kidogo, mtama ndio huo, pamba imekubali. Mama hataki kusikia habari za masista. Anasema jicho moja linamtosha kutuona jinsi tulivyo.

Umeniuliza kaka wa kwenye picha ni wa kabila gani. Ni mtu wa Tanga, mrefu, maji ya kunde, nywele kazipasua njia pembeni. Dada ni muuguzi kutoka Uganda. Wote ni watu wazuri kwangu, sina ubaya nao. Lakini hadithi wanasema ni ya Wasukuma, na Msukuma hamna ndani yake hata mmoja mwenye la kusema. Wasukuma ni wale wacheza ngoma mwanzoni. Na kuna mchukuzi mmoja wa mizigo, wamempa Mihayo muuza kuni wa hapa sokoni. Kazi yake ni kuanguka na masanduku, na kunawia maji ya kunywa mezani, watu wacheke.

Siku moja nilimwuliza Eustace mbele ya yule Mzungu mkubwa, "Mbona kaka na dada si watu wa huku?" Eustace akafasiri. Mzungu akajibu kwa upole kabisa, akaniwekea na mkono begani. Eustace akaniambia, "Bwana anasema picha itakwenda Nairobi, Kampala, hata London. Anamtaka Mwafrika wa kila mahali, asiwe wa mahali popote." Nikasema, "Basi mwambie, mtu asiye wa mahali popote hana mama." Hilo hakulifasiri.

Na shemeji yako Mfaume wamemfanyia jambo. Walikuja kuazima kanzu yake nyeupe na kofia, akawapa kwa moyo mweupe. Kesho yake tukaenda kutazama. Tukamkuta mume wa dada wa kwenye picha kavaa kanzu ile, kiunoni kachomekwa jambia, machoni kapakwa wanja mpaka anatisha, anamvuta mwanamke mkono. Mfaume alisimama katikati ya mashine zao. "Ivue," akasema. Eustace akamsihi, "Mzee, ni mchezo tu." Mfaume akasema, "Nimeuza kitambaa miaka ishirini sijamvuta mtu mkono. Ivue kanzu yangu." Wakaivua. Wakatafuta nyingine kwa Mhindi.

Ulaya yenyewe wameitengeneza nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Wamemwaga pamba chini, wamepanda ngazi wakiirusha kutoka juu, wanasema hiyo ni theluji. Yule wa Tanga na yule muuguzi wakatembea juu ya pamba ndani ya makoti yangu, jua la saa sita, jasho linawachuruzika. Wakulima waliokuwa wameleta magunia yao wakasimama kuangalia jasho lao likikanyagwa.

Sasa nikujibu. Umesema kibuyu kinanifunga mimi. Sikia na wewe kinachokufunga. Waliipiga sehemu ya mlangoni mimi nikiwa nimeshika pindo la gauni. Kaka anafunga mlango. Halafu mashine ikahamia ndani. Kaka akaweka paji la uso kwenye mbao, akaingiza mkono wa shati mdomoni akauuma, akalia bila sauti ili watu wa motoni wasimsikie.

Mimi nilikuwa nje, kaka. Hilo ningelijuaje?

Tena Eustace kaponyokwa na ulimi. Anasema mwezi wa kwanza alikuwa Geita, akanywa chai kwa katekista mmoja. Geita kuna makatekista wangapi wanaoitwa Masele?

Na ni kweli ulilia?

Mwamvua


Geita,
30 Agosti 1952

Kwa Melania,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Mtoto anaitwa Donatus. Alipata homa, sasa amepona. Serafina amelima karanga nyuma ya nyumba. Mchimbaji mmoja alifukiwa na kifusi upande wa Nyarugusu, si mgodini kwetu, ni wale wanaojichimbia wenyewe. Tulimzika na hatukujua ni wa dini gani, nikasoma sala fupi na jirani yangu mmoja Mmanyema, Mwislamu, akasoma ya kwake, tukamwachia Mungu achague.

Ni kweli Eustace alikuja. Sikukuambia kwa sababu hukuuliza. Hakuja kutafuta hadithi, hadithi alikuwa nayo tayari na hakunisimulia. Picha yao haina sauti. Ikifika mahali, mtu wa mahali pale anasimama kando na kipaza sauti, anasoma maneno kwa lugha ya watu wake. Alitaka mtu wa kuisema kwa Kisukuma huku kambini na vijiji vya jirani. Padri alimtajia jina langu kwa ajili ya sauti ya kanisani. Nikakubali. Nilidhani ni picha ya kunawa mikono na kuchemsha maji, kama zile wanazoleta siku zote. Sikujua kwamba nimekubali kujisoma mwenyewe.

Najua utasema nimepanga. Sema. Hata mimi bado nakudhania wewe.

Kuhusu la nyuma ya mlango, usiniulize.

Lakini jambo moja limenikaa kooni. Kama hukusema wewe, na mimi najua sikusema, basi kibuyu kile kilikwenda wapi? Fisi hali kibuyu. Mtu alikiondoa kabla ya kupambazuka.

P. Masele


Shinyanga,
19 Oktoba 1952

Kaka Pantaleo, shikamoo.

Tausi anamsalimu Donatus. Watu wa sinema wameondoka kwa treni na masanduku yao, Eustace kaniachia vipande vya sufu nitengeneze mto. Joto limezidi, visima vya Usanda vinatoa tope.

Nimekwenda Usanda. Nilimkuta mama anachambua kunde mlangoni, mlango ule ule. Nikakaa chini. Sikujua pa kuanzia nikaanza na kibuyu. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, siku ya msiba wa baba niliacha kibuyu cha maziwa hapa. Nani alikichukua?"

Akasema bila kuinua kichwa, "Nilikichukua mimi."

"Ulikuwa mgonjwa kitandani, hukuweza kusimama."

"Nilitambaa. Mwanangu amenibebea maziwa kutoka mjini kwa miguu, nayaacha yamwagike? Niliyanywa yote. Kibuyu kile pale nimewekea mbegu."

Kaka, kipo. Nimekishika.

Kumbuka kitanda chake kilipokuwa, chini ya kile kidirisha kando ya mlango. Akigeuza kichwa huku anakuona wewe, akigeuza huku ananiona mimi njiani. Sisi tulidhani amelala.

Nikamwuliza kama aliwaambia watu wa sinema. Akasema ndiyo. Walikuja mwaka jana kupiga picha za ngoma za mavuno. Eustace akawa anapita nyumba kwa nyumba akiuliza wazee hadithi za huku. Wengine wakampa za sungura na fisi. Yeye akampa yetu.

Nikakasirika. Nikasema, "Mama, umewapa wageni aibu yetu! Kwa nini?"

Akaacha kunde. Akaniambia, "Wao waliniuliza. Wewe ukija hapa unaniuliza jicho. Mwenzako akituma mtu ananiuliza jicho. Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza niliona nini kwa jicho hilo."

Nikazichambua mimi kunde alizoziacha. Hilo swali nawe ulitafutie jibu.

Kisha akataka nimweleze picha ilivyotoka. Nikamweleza yote, meli, makoti, theluji ya pamba. Akasikiliza vizuri, akacheka hata kwa Mihayo. Mwisho akauliza, "Na mimi nimewekwa nani?"

Kaka, katika picha mama yao alikufa zamani. Imeandikwa hivyo mwanzoni, Eustace alinisomea. Nilimwuliza sababu, akasema mama angerefusha mambo, ingebidi mtu amwulize.

Nikamwambia ukweli. Akarudia kunde zake. Halafu akasema, "Nimewapa hadithi, wakaniua ndani yake."

Hajala vizuri tangu siku hiyo, jirani kaniletea habari.

Mwamvua


Geita,
21 Desemba 1952

Kwa Melania,

Tumsifu Yesu Kristo, na heri ya sikukuu inayokuja, kama unaipokea.

Nimesoma uliyoandika. Sijui niyaamini kiasi gani. Mama ni mzee, na wewe uko karibu naye, mimi niko mbali; mtu aliye karibu anaweza kumtia mzee maneno mdomoni. Hata kibuyu, vibuyu vyote vinafanana. Nasema hivi si kwa kukuchukia. Nimekaa mno na shaka, ikitoka nitabaki na nini?

Picha itaonyeshwa kambini hapa mwezi wa pili, Jumamosi ya pili. Wamenipa karatasi ya maneno niikariri. Yale ya mlangoni yamo. Nayasoma nikiwa stoo peke yangu, na nikifika katikati naikunja karatasi.

Sikualiki. Nakuarifu tu.

P. Masele

Wifi, ni mimi Serafina, naandika hapa chini kabla hajafunga bahasha. Alilia. Ni mimi niliyelifua lile shati, mkono mmoja umetoboka kwa meno. Njoo na mama.


Shinyanga,
9 Machi 1953

Kaka Pantaleo, shikamoo, na wifi, na Donatus ambaye sasa namjua sura.

Tulifika salama. Mfaume alinipokea stesheni. Tausi alinuna siku nzima kwa sababu sikumchukua.

Yapo mambo ambayo hukuyaona, kwa kuwa wewe ulikuwa kwenye mwanga na sisi tulikuwa gizani, nami nataka uyajue.

Tulipofika jua lilikuwa limezama na shuka limeshatundikwa. Wifi alitupeleka kwenye upande wa wanawake tukakaa chini. Mama alikuwa na kuku wake wa zawadi mapajani na hakutaka kumwachia mtu. Watu walijaa, sijawahi kuona mchanganyiko ule, kila upande lugha yake. Ngoma za Usanda zilipotokea walishangilia. Mihayo alipoanguka na masanduku walicheka, halafu akanawia maji ya kunywa wakacheka tena, na nyuma yangu mzee mmoja Mzinza akasema, "Huyu mjinga anaitwa Msukuma? Wasukuma ninaofanya nao kazi shimoni ndio wanaoshika kamba yangu." Waliokuwa karibu naye wakaacha kucheka. Mume mwenye jambia alipotokea, kwenye kundi la Wamanyema wakaguna kwa hasira.

Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa umesimama kando ya lile gari la sinema na karatasi yako, sauti yako imejaa uwanja mzima, na nilikuwa na hofu na wewe. Nilijiambia, sasa atasema. Sasa atanizika mara ya pili mbele ya watu wote hawa.

Mlango ukafika. Dada yuko nje na kibuyu. Kaka anafungua mdomo. Na wewe ukanyamaza.

Watu wakageuka kukutazama. Tulimsikia Eustace akikuambia, "Sema! Soma karatasi!" Ukaishusha karatasi. Ukasema kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani, "Ndani ya nyumba hii yumo mama yao. Hamumwoni, waliotengeneza picha hawakumweka. Amelala kitandani chini ya dirisha. Anamwona huyu na anamwona yule."

Ndipo mama alipoinuka. Sikumzuia, nisingeweza. Akapaza sauti kuliko ngoma: "Nipo! Sijafa mimi!"

Kuku akamponyoka akawakimbilia watu. Hukuona, lakini walimrudisha, mikono kwa mikono, kutoka kabila hadi kabila, mpaka akafika kwa mama tena.

Theluji ilipokuja kila mtu aliipigia kelele, "Pamba hiyo! Pamba!" na wakulima walicheka mpaka wakashika mbavu. Dada alipomwangukia kaka miguuni wewe hukusoma ya kwenye karatasi. Ulisema, "Hapa picha inasema uongo," ukazima kipaza sauti ukaja upande wetu.

Yaliyofuata nyumbani kwako unayajua. Lakini nilikuona ulipotoka na yule kuku. Ulipita jiko lako, ukapita kisu chako, ukaenda kwa jirani yako Mmanyema, akamchinja yeye ukarudi naye. Nami nilikula.

Ndiyo maana naona uchungu kuandika haya yanayofuata.

Nilipopanda lori mama alisema miguu imevimba, atanifuata wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja bila mama. Sasa ni wiki ya tatu. Mwenye lori amenitumia habari kuwa amemwona kambini anatembea vizuri sana, tena amekwenda kanisani na Serafina. Kaka, unafanya nini? Ndiyo maana ulichinjisha kwa jirani, ili nilegee nikuachie mama umbatize? Kama ni hivyo niambie. Nimekwisha zoea kupoteza, lakini sipendi kupotezewa nikiwa nimeshiba.

Mwamvua


Geita,
29 Machi 1953

Kwa dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na kwako salaam aleikum; jirani kanifundisha kuiandika.

Kwetu si kubaya. Eustace kaniambia hawatanihitaji tena, vijiji vya mbele watamtafuta mtu anayesoma kilichoandikwa. Padri aliniita kuniuliza juu ya yule kuku. Nikamwambia ukweli. Akaniambia niende nikafanye kazi. Sijui maana yake. Karanga zimeanza kukomaa.

Sijambatiza mama. Kanisani alikwenda kumwangalia padri kama kweli ana ndevu nyekundu. Tangu ulipoondoka namwambia, "Mama, lori lipo." Anasema miguu. Lori likiondoka, anakwenda kisimani na ndoo. Jana nilimsomea barua yako yote, na hilo la kubatizwa, nikamwambia, unaona unavyotugombanisha? Panda lori.

Akasema, "Chukua kalamu." Nami naandika kama anavyosema, naye amekaa hapa anatazama mkono wangu kwa jicho moja, herufi hazijui lakini ananishuku.

"Mwambie hivi. Barua zenu siziamini. Mnaandika salamu, mnauliza jicho, halafu mnang'atana. Sitapanda lori. Nitakaa hapa mpaka binti yangu aje kunichukua, na mumewe, na yule mtoto aliyeng'oka meno, walale hapa si chini ya usiku mmoja. Hapo nitakwenda kukaa Shinyanga. Na Shinyanga sitatoka mpaka Pantaleo aje kunichukua na mkewe na watoto, naye alale kwenye nyumba ile. Nitazunguka hivyo mpaka nichoke mimi au mchoke ninyi."

Nikamwambia, "Mama, ni mbali. Treni, kivuko, lori. Utaumia mgongo."

Akasema, "Watoto walionikosa kwenye picha walikwenda Ulaya. Ninyi mnashindwa na ziwa hili?"

Basi, dada, ndivyo ilivyo. Sijui kama mimi na wewe tumeacha kudhaniana. Mimi sijaacha, nasema kweli, na nadhani nawe bado. Lakini mama amekaa kwenye kiti changu na hatoki.

Lori la kutoka kivukoni linakuja huku Jumanne na Ijumaa. Hukuniambia utakuja siku gani, wala sikuulizi. Nitakuwa pale siku zote mbili.

Kaka yako,
Pantaleo